Mwamuzi Aliyewapiganisha Wafu na Wazima

Mtu ninayetaka kusimulia habari zake hapa hakupigwa ngumi hata moja maishani mwake. Alilisema hilo mwenyewe, tena kwa fahari, kama mwingine anavyoweza kujisifu kwamba hajawahi kulala polisi. Miaka na miaka alisimama katikati ya wanaume wanaopigana, karibu kiasi cha kurukiwa na jasho na damu yao, na hakuna mkono uliomfikia hata kwa bahati mbaya. Mtaa wetu mzima wa Katuba ulimwita Arbitre, maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya: mwamuzi wa ngumi. Jina lake la ubatizo walilijua mapadri, na pengine dada yake. Sisi tulisema Papa Arbitre, na alipostaafu tukaendelea kusema hivyo hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe hakustaafu. Alichopoteza ni ulingo tu.

Nilimjua tangu nikiwa mtoto. Baba yangu alikuwa bondia, mmoja wa wale walioamuliwa na Papa Arbitre, na nyumba yetu ilitazamana na yake, njia ya vumbi jekundu katikati.

Alikuwa mwembamba, na shingo ndefu iliyotoka ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi kila asubuhi. Chini ya kidevu alivaa tai ya kipepeo, nyeusi. Aliivaa sokoni, aliivaa kanisani, aliivaa akienda kuchota maji. Viatu vyake vya turubai alivipaka chaki vikawa vyeupe kuliko vya mwanafunzi wa masista. Na alikuwa na tabia moja iliyowatia watu baridi: akikusalimia hakukutazama machoni. Alitazama kidevu chako, halafu viwiko, halafu miguu, kisha ndipo akakupa mkono. Siku nilipomleta mchumba wangu nyumbani kujulishwa, Papa Arbitre alivuka njia, akamkagua namna hiyo hiyo, akanivuta pembeni.

"Kidevu ya ule bwana yako iko chupa, mama," aliniambia. "Usimugombeze sana."

Mume wangu hajacheza ngumi hata siku moja, anafundisha hesabu. Lakini mpaka leo, akikaa kunyoa ndevu, huwa anajishika kidevu na kujitazama kwenye kioo kwa mashaka.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Baada ya misa wanaume walikusanyika kwenye kibanda cha Sefu kinyozi. Sefu ni Mwislamu, wa familia iliyotoka Maniema zamani, na kwa kuwa yeye hakuwa na misa ya kumchelewesha, viti vyake vilikuwa tayari vimefutwa watu wanapotoka kanisani. Palikuwa na mabenchi ukutani, kioo chenye ufa, na redio ambayo Sefu aliizima mara tu alipoona viatu vyeupe vinakuja. Papa Arbitre hakuketi kamwe. Alisimama katikati ya kibanda, mikono nyuma, akatangaza pambano la kuwaza tu kati ya mabingwa wawili wa uzito wa juu, mara nyingi wasiowahi kukutana kwa sababu mmoja alikufa kabla ya mwingine kuzaliwa.

Masharti yake yalikuwa machache na hayakujadiliwa. Kila bondia anakuja akiwa katika mwaka wake bora. Glavu ni zile zile kwa wote. Hakuna mvua. Na mtu yeyote akitaja neno bahati, anatoka nje.

Mabingwa tuliwajua kama watu wengine wanavyowajua watakatifu. Alikuwepo Bingwa wa Reli, aliyepigana zamani za Wabelgiji, wakati pambano lilikuwa la raundi kumi na tano na glavu zilijazwa manyoya ya farasi yaliyokuwa yakisogea mpaka mfupa unagonga mfupa. Alikuwa mfupi kwa bingwa wa uzito wa juu, lakini alizoea kubeba mataruma ya reli begani, na inasemekana hakuna aliyemwona akihema. Alikuwepo Sakristani, mpiga kengele wa kanisa, mtumia mkono wa kushoto, mrefu, mwenye miguu iliyocheza kama ya mtu anayekanyaga makaa. Alikuwepo baba yangu, aliyeitwa Zinki kwa sababu alitokea mgodi wa zinki wa Kipushi, na ambaye ngumi yake ya kulia ilikuwa nzito na ya kuchelewa, kama mlango wa chuma unaofungwa na upepo. Na mwisho walikuwepo vijana wa siku hizi, wakubwa wa mwili, waliolelewa na vitamini na vyuma vya mazoezi.

Nilikaa mlangoni na wanangu wakinyolewa, nikasikiliza. Lazima niseme ukweli: alijua. Aliweza kueleza kwa nini mtu mkubwa wa leo angemsumbua Bingwa wa Reli raundi tano za kwanza, akimlalia mabegani, akimkamua pumzi. Halafu kwa nini kuanzia ya saba yule mkubwa angeanza kufungua mdomo, maana mwili uliojengwa kwa vyuma ni mzuri kama gari jipya lakini unakunywa mafuta mengi. Alieleza kwa nini Sakristani angemtesa mtu yeyote aliyezoea wapinzani wa mkono wa kulia, na kwa nini hata hivyo angepoteza kwa Bingwa wa Reli: mrefu akipigwa mbavuni anainama, na akishainama si mrefu tena. Wanaume walibishana naye. Walisimama, wakaonyesha kwa mikono, wakapindua brashi za Sefu. Mwishoni alinyamazisha kila mtu kwa kuinua kidole, akatoa hukumu, na hukumu haikukatiwa rufaa.

Wafu walishinda karibu kila mara. Fundi baiskeli aliwahi kumwuliza sababu. Alimjibu kwamba marehemu hana visingizio, na kwamba mtu akiisha kufa ndipo unapojua urefu wake wote.

Ukatili wake ulikaa hapo. Wengi wa mabingwa wa zamani walikuwa hai bado, na walikaa pale pale kwenye mabenchi. Palikuwa na mmoja ambaye mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba Sefu alimnyoa bure na kwa subira, akingoja kichwa kitulie. Jumapili moja Papa Arbitre alimpanga na Sakristani. Akasema atadondoka raundi ya pili. Yule mzee akatabasamu, akauliza kwa sauti ndogo kwa nini ya pili. Papa Arbitre akamwomba asimame. Akamweka katikati ya kibanda, akamwambia arushe mkono wa kushoto kama zamani. Mzee akarusha, akitetemeka, na mkono wa kulia ukateremka mpaka kiunoni, kama ulivyokuwa ukiteremka ujana wake wote. "Munaona?" akasema Papa Arbitre, na akamgusa shavuni kwa vidole viwili, pale palipobaki wazi. Kibanda kizima kilicheka. Mzee naye alicheka, akarudi kuketi, na kwa muda mrefu aliushikilia mkono wake wa kulia juu, karibu na uso, kana kwamba hata sasa angeweza kuchelewa.

Jumapili iliyofuata alirudi. Wote walirudi. Nilimwuliza baba sababu, naye akafikiri sana kabla ya kujibu, maana baba alikuwa tayari ameanza kuwa mzito wa maneno. Akasema hakuna mahali pengine ambapo mtu anataja majina yao.

Kuna mengine niliyoyaona kwa macho yangu. Sakristani alipofariki, Papa Arbitre alikwenda kilioni, akaketi na wanaume, akasubiri mpaka wimbo ukaisha, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kwamba marehemu alistahili mkanda wa ubingwa mara moja tu, na kwamba mara nyingine ile majaji walikosea. Mjane alikuwa hatua chache tu. Mlevi akianguka njiani, Papa Arbitre alipiga goti karibu naye, akahesabu mpaka kumi kwa Kifaransa, akipiga vumbi kwa kiganja, akasimama na kuendelea na safari bila kumwinua.

Na bado mtu huyo huyo hakuweza kumtazama kuku akichinjwa. Sikukuu ilipofika alimbeba kuku mpaka kwetu, akamkabidhi mama, akarudi ndani kwake na kufunga mlango mpaka alipoitwa. Dada yake alipopooza, yeye ndiye aliyemwogesha. Hakumwajiri msichana. Tulimwona asubuhi akimtoa nje kivulini, akimkata kucha, akimpaka mafuta miguuni, na alikuwa akimwimbia kitu, taratibu sana, huku tai ya kipepeo ikiwa mahali pake. Mama yangu alisema mtu anayeosha mgonjwa namna ile hawezi kuwa mbaya. Mimi niliamini hivyo hivyo. Sasa nafikiri kwamba aliweza kuwa mwema mahali ambapo hapakuwa na pambano. Palipokuwa na watu wawili na duara la watazamaji, alikuwa mtu mwingine.

Baba alikuwa mpigwaji wake wa kawaida. Kwa miaka mingi Zinki alipoteza kila Jumapili aliyopangwa. Alipoteza kwa Bingwa wa Reli, alipoteza kwa Sakristani kwa pointi, alipoteza hata kwa bondia wa Kipushi aliyekufa kijana baada ya mapambano machache. Baba alikuja nyumbani akicheka, akamsimulia mama jinsi alivyodondoshwa leo, na mama akimkatia bukari, ugali wetu, alimwuliza anaumwa wapi. Walikuwa wakiuza samaki wakavu wa Pweto sokoni. Baba alibeba vikapu, mama aliongea na wateja. Yalikuwa maisha ya amani.

Halafu akaja Trésor. Huyu alikuwa kijana wa Katuba hii hii, mlinzi wa ghala mjini, mkubwa kama mlango wa kanisa, na alikuwa amechukua mkanda wa jimbo bila kuangushwa. Alikuwa na adabu. Akipita mezani kwetu sokoni alimpokea baba kikapu, akamwita Papa, akauliza habari za afya. Siku ya kwanza alipoingia kibandani kwa Sefu wanaume walimpisha kwenye benchi, naye akakataa, akachuchumaa chini.

Papa Arbitre alimkagua: kidevu, viwiko, miguu. Akatangaza pambano la siku hiyo. Zinki katika mwaka wake bora, dhidi ya Trésor. Tukajiandaa kucheka. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akimpa baba ushindi.

Alilieleza pambano lile vizuri kuliko yote. Alisema Trésor ana mikono mbio, lakini baada ya kupiga anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka, na mtu anayerudi hivyo ni chakula cha mkono wa kulia unaochelewa. Alisema Zinki angekula ngumi raundi tatu, angevumilia, na katika ya nne ule mlango wa chuma ungejifunga. Wanaume wakapiga kelele. Trésor akainamisha kichwa, akakubali. Nilimwona baba akitazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti.

Jumapili iliyofuata alimpanga tena, na iliyofuata. Kila mara aliongeza jambo. Mara akasema Zinki angeshinda hata kama angekuwa na miaka arobaini. Baadaye akasema ngumi nzito ndiyo kitu cha mwisho kumwacha mwanaume. Miguu inaondoka, macho yanaondoka, lakini uzito wa mkono unabaki mpaka kaburini. Hakumwambia baba apigane. Hilo aliliepuka kwa uangalifu, kama alivyokuwa akiepuka mikono ulingoni.

Baba akaanza kuamka alfajiri na kukimbia kuelekea barabara ya Kipushi, amejifunga mfuko wa plastiki chini ya shati ili atoke jasho. Alikuwa na wajukuu. Mama alimkuta nyuma ya nyumba akipiga gunia la chumvi, akalia, akamnyang'anya kamba. Kisha akavuka njia. Nilikwenda naye. Papa Arbitre alikuwa akimlisha dada yake uji.

"Papa Arbitre, unamupeleka wapi bwana yangu?" mama alimwuliza.

"Mi simupeleke fasi," alijibu bila kugeuka. "Eko anatembea na miguu yake."

Mwenye baa mmoja, ambaye alikuwa akiandaa ngumi kwenye uwanja wa mpira wa kikapu nyuma ya baa yake, alisikia mabishano ya kwa Sefu na kuona faida. Akapendekeza pambano la maonyesho, raundi tatu fupi, glavu kubwa, bingwa wa zamani na bingwa wa leo. Trésor alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, amevaa shati la mikono mirefu, akaketi mbele ya baba na magoti pamoja kama mtu aliyekuja kuposa.

"Papa, mi nakuheshimia," alisema. "Kama unakatala, na mi nakatala."

Mama alimtazama baba. Mimi pia. Ndugu zangu walikuwepo. Baba akasema kwamba watu wamengojea. Wakakubaliana kwamba itakuwa mchezo. Trésor alimpigia mama magoti, akamwahidi kwamba hatarusha mkono wa kulia.

Kuna jambo ambalo nililijua baadaye, kutoka kwa Trésor mwenyewe. Siku mbili kabla ya pambano, Papa Arbitre alikwenda kumtafuta ghalani. Alimwambia kwamba Zinki anatangaza sokoni kuwa atamwangusha, na kwamba mzee yule anapiga kweli, ajilinde. Neno la kwanza lilikuwa uongo. La pili lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoharibu.

Uwanja ulijaa mchana ule. Watu walikaa mpaka juu ya ukuta. Sefu hakuja; alisema yeye kazi yake ni vichwa na hataki kuona kimoja kikiharibiwa. Mwamuzi, bila shaka, alikuwa Papa Arbitre, shati jeupe, tai, chaki mpya kwenye viatu. Mwenye baa alimwalika na watu wakampigia makofi kuliko walivyowapigia mabondia. Alikuwa amerudishiwa ulingo wake.

Raundi ya kwanza ilikuwa mchezo kama walivyokubaliana. Trésor alimgusa baba mikononi, akazunguka, akatabasamu. Baba alikuwa amevaa kaptura yake ya zamani, mama aliipanua kiunoni kwa kitambaa cha rangi nyingine. Watu waliimba Zinki, Zinki. Nilianza kupumua.

Katika ya pili Trésor alirusha mkono wa kushoto kwa ulegevu, akarudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Baba akaachia ule wa kulia. Sijui aliutoa wapi. Ulimkuta kijana katikati ya uso, akakaa chini kwenye turubai na damu ikamtoka puani, na uwanja mzima ukasimama. Nami nilisimama. Nilipiga kelele kwa furaha, mimi binti yake, na mama pembeni yangu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Trésor aliinuka na hakuwa tena yule aliyechuchumaa kwa Sefu. Aliniambia baadaye kwamba alipokuwa chini aliwaza kitu kimoja, kwamba mzee alikuwa amepanga hivyo tangu mwanzo, kama alivyoonywa. Akaja na mikono yote miwili. Baba alirudi mpaka kwenye kamba. Ngumi ya tatu au ya nne ilimtoa fahamu. Mikono yake ikashuka, kichwa kikalegea, na kamba ndiyo iliyomshikilia asianguke.

Papa Arbitre aliingia katikati. Alimsukuma Trésor nyuma kwa kiganja, na watu wakatulia, wakidhani imekwisha. Alimshika baba uso kwa mikono miwili na kumtazama machoni. Ndiyo, machoni, ilikuwa mara ya kwanza nikimwona akimtazama mtu hivyo. Alimtazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Halafu akaanza kuhesabu. Alihesabu polepole, kwa sauti nzuri, na alipofika nane baba akajitoa kwenye kamba, akainua mikono, akasimama bila msaada. Papa Arbitre alimfuta baba glavu kwenye shati lake jeupe, akarudi hatua moja, akatoa amri ya kuendelea kupigana: "Boxe."

Trésor alipiga mara moja tu. Tayari alikuwa amerusha alipoelewa kwamba mzee hakuwa sawa.

Baba hakufa siku hiyo. Ingekuwa hadithi fupi. Aliishi miaka mingine, upande wa kushoto umekufa, na maneno machache yasiyohusiana na alichotaka: akitaka maji alisema reli, akimwita mama alisema Jumapili. Trésor aliacha ngumi. Alikuja kwetu mara kwa mara kumsaidia mama kumwinua baba na kumwogesha, maana sisi wanawake hatukumweza. Na kila mara alipoingia mlangoni, baba aliinua mkono wake mzima na kujikinga uso. Kila mara. Trésor alisimama pale kizingitini akingoja mkono ushuke, na machozi yakimtoka, halafu akaingia kumwosha.

Papa Arbitre hakuvuka njia. Jumapili ya kwanza baada ya pambano alikwenda kwa Sefu kama kawaida, akasimama katikati ya kibanda, akasema sasa mambo yamejulikana, na akaanza kueleza jinsi Zinki wa mwaka wake bora angeepuka ngumi ile ya mwisho. Sefu alikuwa akimnyoa mteja. Aliweka wembe chini, akawasha redio, akaongeza sauti mpaka mwisho. Papa Arbitre aliendelea kuongea, midomo inacheza bila kusikika, mpaka watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Baada ya hapo alihamia kwenye baa moja, na nasikia alipata wasikilizaji. Dada yake alifariki, naye akahama Katuba, akaenda kukaa kwa mpwa wake mjini.

Baba alifariki mwaka jana, majira ya baridi, mchana, mama akimpepea inzi. Tuliweka turubai mbele ya nyumba, majirani wakaleta viti, wanaume wakawasha moto. Siku ya pili ya kilio nilimwona Papa Arbitre akiteremka kwenye basi dogo. Alikuwa amezeeka sana, shati lilimkaa kama limetundikwa, lakini tai ilikuwepo na viatu vilikuwa vyeupe. Wanaume hawakumsalimu. Alichagua kiti, akaketi, akaweka mikono magotini. Trésor, aliyekuwa akipasua kuni, aliweka shoka chini na kwenda nyuma ya nyumba.

Mama alikuwa ndani, kwenye mkeka, katikati ya wanawake. Habari ilimfikia kabla sijaingia. Aliniita, akaniambia kwa sauti iliyokwisha kukauka kwamba yule mtu hatakula chakula cha nyumba hii mpaka aombe msamaha. Akiomba, atakula kama wengine, kwa sababu ni kilio. Akanituma nikamsikilize.

Niliketi kando yake. Alitazama kidevu changu. Akasema nimefanana na marehemu. Nikamwuliza lile swali nililokaa nalo miaka yote: wakati ule alipomshika baba uso, aliona nini.

"Niliona hamuna muntu tena mu ile macho," alijibu mara moja, kama aliyekuwa akisubiri kuulizwa. "Alikuwa ameisha kwenda."

"Juu ya nini haukusimamisha?"

Aligeuka, na kwa mara ya kwanza alinitazama machoni. Yake yalikuwa yamejaa maji.

"Nilikuwa nataka kuona kama atarudia mu ile macho," alisema. "Bale bakubwa kabisa banarudia. Na alirudia, mama. Ulimuona? Ku nane. Mi nimeona mabingwa yote ya hii muji, nakuambia, tangu ile siku sijaona kitu muzuri vile."

Alilia waziwazi, bila aibu, na wanaume wa karibu waligeuka kumtazama wakidhani ni majuto. Kisha nikainuka nikaingia ndani. Wanawake walinipisha. Mama alikuwa ameinua uso, na niliona jinsi alivyokuwa amechoka. Miaka yote ile ya kuinua na kuosha ilikuwa imemshukia siku mbili hizo.

"Anasema nini?" aliniuliza.

"Anaomba pardon, Mama," nikasema. "Eko analia."

Alifumba macho. Wanawake wengine wakaguna, mmoja akasema Mungu ni mkubwa. Mama alivuta pumzi ndefu, ndefu sana, kama mtu anayetua mzigo kichwani, na akalala ubavu kwa mara ya kwanza tangu kifo.

"Basi mumupe chakula," alisema.

Nilipakua mwenyewe. Bukari, sombe la majani ya muhogo, na samaki wa Pweto, kipande cha tumbo, kile kizuri. Nilimpelekea na maji ya kunawa. Alinawa vizuri, akasukuma tai pembeni isichafuke, akala. Nilisimama na birika mkononi mpaka alipomaliza, maana nyumba nzima ilikuwa ikitutazama. Alikula yote, akanyonya mifupa, akanishukuru, na akauliza kama kuna chakula kingine.